Komiki Zilizoshonwa kwa Cherehani

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila mimi nimechanganyikiwa. Leo nimekuta komiki zetu, vile vitabu vya katuni alivyovichana baba, kwenye sanduku la vitambaa la mama. Kumbe mama alizishona zote kwa cherehani, ukurasa kwa ukurasa!

Nikamuuliza, kati ya mashujaa wa humo, nani zaidi: Mpaa Angani wako au Ngumi Radi wangu?

"Mimi nampenda yule dada asiyeonekana."

"Lakini mama, yule ana nguvu gani?"

Hakuinua macho kwenye cherehani. "Hiyo ya kutoonekana ninayo humu ndani mwaka wa thelathini sasa."

Sijui kama alikuwa anatania. Nilicheka, kisha nikaona nimecheka peke yangu. Ukipiga simu Jumapili, usinitafute mimi. Omba kuongea naye.

Mdogo wako, asiyejua tena amshangilie nani