Mawese Kwenye Breki

Bujonde, 13 Juni 1989

Kwa kaka Anyitike,

Ugonile, kaka? Baridi ya Isyonje inakuachaje? Huku baba kifua kimemwachia, tu wazima, ila mimi sina raha.

Kaka, nina kosa. Asubuhi ile ya safari, ulipokuwa unafunga mchele kwenye baiskeli, breki zako zililia mpaka vijana wakacheka: "Anyitike, unachinja nguruwe gani?" Niliona aibu kwa ajili yako. Ulipoingia kunywa chai, nikachukua mawese ya mama nikapaka mipira ya breki na ringi zote mbili. Zikanyamaza. Nikajisifu moyoni.

Jumanne iliyopita mwalimu wa fizikia alieleza kwa nini breki inashika. Somo lenyewe nimelikariri kwa Kiingereza tangu mwaka jana, napata vema kila swali. Aliporudia kwa Kiswahili, kwamba mafuta huondoa msuguano, ndipo nikakumbuka mawese yale. Nilikuandikia siku hiyohiyo, kisha nikaificha barua kwenye daftari. Nilidhani utasema ninyi mnakokota mizigo, mimi nasomea ujinga. Wiki nzima, kaka!

Kupanda mlima unakokota, breki hazina kazi. Lakini kushuka na viazi utaipanda baiskeli kama wenzako wote. Usishuke. Osha breki kwanza kwa sabuni na majivu.

Mdogo wako,
Felista


Isyonje, 16 Juni 1989

Mdogo wangu Felista,

Leo kuuliza hali zenu siwezi. Barua yako nimepewa mchana huu na utingo wa lori.

Jana asubuhi Ezekiel, niliyepanda naye mlima, alipata habari kuwa mama yake anaumwa huko Bujonde. Baiskeli yake imekatika fremu. Nikamwambia, "Chukua yangu, mimi nasubiri bei ya viazi ishuke." Akanitania, "Yako siku hizi haigombi, umeitolea mahari?" Akafunga tawi kubwa nyuma liburuzike, kama sote tunavyofanya ili kupunguza mwendo. Kona ya tatu tawi likakatika. Alikwenda moja kwa moja bondeni. Hakupona.

Watu wote wanasema ni tawi. Baiskeli niliiokota mimi. Baridi ya huku ilikuwa imegandisha mawese kwenye ringi kama nta. Nimeyafuta kwa shati langu.

Polisi wamenizuia mpaka nitoe maelezo, kwa hiyo kumzika sitawahi. Lori linaloleta mwili ndilo linaloleta barua hii. Yako nimeichoma, na hii uichome. Usimwambie mtu, hata mama.

Kaka yako,
Anyitike


Bujonde, 22 Juni 1989

Kaka Anyitike,

Ndaga, asante kwa barua. Mama Ezekiel malaria imemwisha, anatembea, na hiyo ndiyo salamu iliyo ngumu kuliko zote kuiandika.

Tulizika Jumapili. Siku zote hizi nateka maji msibani na kusugua masufuria, nisikae mahali pa kuulizwa. Wanawake wananisifu: "Binti wa Asajile, msomi asiye na maringo!" Natamani ardhi inimeze.

Leo mama Ezekiel ameniita jikoni, akanipa kigoda. "Wewe kalamu unaijua. Mwandikie kaka yako maneno yangu." Ndiyo haya:

Mwanangu Anyitike, nasikia hulali. Usijilaumu kwa kumwazima Ezekiel baiskeli. Ulimwazima kwa ajili yangu. Mlima ndio uliomchukua. Ukirudi, uje ule kwangu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Kimebaki nini?"

Nimemwambia yote, kaka, macho yangu kwenye kalamu. Nisamehe, kukutii kumenishinda. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulipaka mengi?" Nikasema mengi. Akaichukua karatasi, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma, akanirudishia.

"Ya kwangu usiyafute," akasema. "Na ya kwako yaandike."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimeyaandika. Niko kibarazani kwake, namsikia akipanga vyombo. Sijui nipige hodi, au niondoke.

Mdogo wako,
Felista