Kurasa Zilizogundishwa kwa Uji

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifika hapa Nambis, marahaba. Sisi ni wazima. Maharage yameshaingia ndani, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Unasema wazazi huko Gendabi wamekasirika kwa sababu uliwaonyesha wanafunzi wako, kwenye kishikwambi, video ya jinsi hedhi inavyokuja. Unaniuliza kama uifute.

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu aliona aibu kufundisha sura ya jambo hilohilo. Mimi nilikuwa kiranja, akanipa bakuli la uji mzito nigundishe kurasa zake katika vitabu vyote. Nikagundisha. Wiki ileile rafiki yangu Paskalina alipata damu ya kwanza, akadhani anakufa. Nilimkuta analia kwenye mahindi. Basi nilichukua kitabu kimoja, nikakishika juu ya mvuke wa makande jikoni kwa mama mpaka kurasa zikaachana. Tukasoma sote wawili. Kesho yake mwalimu alikiona kile kitabu. Fimbo tuziache. Niliambiwa niombe msamaha mbele ya shule nzima, nikakataa, na mpaka leo sijauomba.

Usifute kitu. Wakikuita kikaoni nipigie simu, nitapanda basi nije. Waambie huyu ni bibi yangu, amezaa watoto saba na hajawahi kuonyeshwa tumbo lake linavyofanya kazi. Halafu iwashe hiyo video palepale.

Mimi niwekee kiti cha mbele.

Bibi yako