Aya ya Merveille

Jumatatu, 3 Februari
Umeme umerudi asubuhi. Nimesafisha hadubini, nimeketi kuandika. Maombi ya bourse ya utafiti, ile itakayonilipia masomo ya uzamivu, yanafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Sehemu ya sayansi imekwisha: ugonjwa wa mpox, na wanyama wanaoubeba, kindi na panya wa msituni. Umebaki ukurasa mmoja, wenye swali lao: Kwa nini wewe? Naandika, nafuta.

Jumatano, 5 Februari
Profesa amesoma. Ananisimamia tangu lisansi, shahada yangu ya kwanza, hasifu ovyo. Sayansi ni nzuri, alisema, lakini ukurasa wa mwisho umepoa. Akauliza kama sijawahi kuuona ugonjwa huu kwa karibu. Nikamwambia juu ya Merveille, binti wa mjomba wangu, tonton Anselme, kule Yanonge. Alikufa mwaka juzi. Mdogo bado, hajaanza shule. Uso ulikuwa hautambuliki kwa malengelenge. Mimi nilishika beseni la maji tu.
"Bon, Grâce," akasema. "Andika hiyo. Hakuna atakayeisahau."
Nimeiandika. Sijawahi kuandika aya nzuri kama hii. Naona haya.

Jumamosi, 8 Februari
Yanonge kwa pikipiki. Mvua, matope. Nilikwenda kuomba ruhusa. Nimewasomea aya yote. Tonton alisikiliza ameinamisha kichwa.
"Andika tu," akasema. "Batu bajue namna mutoto alikufa."
Mke wake, mama Véro, alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Nilipofika pale pa uso, aliweka mchi chini akatoka. Hakurudi mpaka tulipomaliza kula. Tulipoagana, alinipa mkono bila kunitazama.
Baba ameruhusu. Mama hakukataa. Kwa hiyo ninayo ruhusa.

Jumatano, 12 Februari
Nimeisoma tena. Inaliza. Nimeipanga iwalize.
Naitaka bourse hii. Niseme wazi: naitaka kuliko nilivyomlilia yule mtoto. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 14 Februari
Nimetuma. Bila aya ile. Mahali pake nimeweka maneno makavu: watu wetu huchuna wanyama hawa kwa mikono mitupu, na bado hatujui vizuri ni yupi anayewaambukiza. Misitu hiyo naijua, lugha zake nazisema.
Profesa hakugomba. "Donc umechagua njia ndefu," alisema, akarudi kwenye kazi yake. Heri angegomba.

Alhamisi, 27 Machi
Usaili kwa mtandao. Watu watatu kwenye kioo cha kompyuta. Mtandao unakatika, unarudi. Waliuliza juu ya mitego, sampuli, maabara. Nilijibu vizuri, najua. Kisha mama mmoja wa makamo, mpole, akauliza kama kuna jambo la nyumbani linalonisukuma.
Merveille alikuwa mdomoni kabisa. Ningefungua tu.
"Lipo," nikasema. "Lakini si langu kulisimulia."
Mmoja akaandika kitu. Wakanishukuru.
Nikazima kompyuta.

Jumanne, 22 Aprili
Sikuchaguliwa. Jibu fupi, la heshima. Mradi ni mzuri, wagombea walikuwa wengi.
Nimelia maabarani, mlango umefungwa. Nina hasira na sijui ni ya nani. Nataka kuandika kwamba sijuti. Si kweli. Leo najuta.
Profesa amepita jioni. Hakusema, "Nilikuambia." Amesema mitego ya idara ipo, tuanze na msitu wa karibu, mwakani niombe tena. Nikaitikia tu.

Jumamosi, 26 Aprili
Mama Véro amekuja mjini na samaki wake wakavu. Soko lilipokwisha akapita kwangu. Tonton alishamwambia kwamba nimeikosa bourse. Tuliketi jikoni tukichambua fumbwa, mboga ya msituni. Baadaye akauliza, macho kwenye majani, kama wale watu niliwaambia habari ya mtoto.
"Hapana, mama."
Aliendelea kuchambua. Nikadhani yamekwisha. Kisha akalitaja jina, Merveille, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Tangu mazishi sijawahi kumsikia akilitaja. Akaanza kusimulia. Si ugonjwa. Alivyokuwa anacheka, alivyokuwa mkaidi, wimbo aliokuwa akiukosea maneno. Amesimulia mpaka makaa yakawa majivu.
Mengine aliyosema sitayaandika, hata hapa.
Nikawasha moto upya. Tukapika, tukala.