Chai ya Baba Inatokea Puani

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba mtoto ameacha kukohoa. Sisi ni wazima, ukimtoa baba, na kwa sababu ya baba hakuna mwenye raha humu ndani.

Lile gego lake la juu liling'olewa siku tisa zilizopita. Daktari wa meno haongei lugha yetu, kwa hiyo mama alinituma niwe mkalimani, eti lugha ya shule nayo ifanye kazi. Nilikaa katikati yao. Daktari alinionyesha picha: mizizi ya magego ya juu imepanda mpaka chini ya chumba cha hewa kilichomo ndani ya shavu, chenye njia ya kwenda puani. Mfupa unaovitenga ni mwembamba kama ganda la yai. Wa baba ulitoboka kidogo jino lilipotoka. Alisema tundu litajiziba lenyewe.

Halijaziba. Baba akinywa chai, inamtokea puani. Juzi ililowesha mchoro wa kabati la mteja. Akiongea, kitu kinapiga mluzi huko ndani, na mama akicheka kidogo tu, basi ni kununiwa hadi jioni. Baba amembandika daktari jina la Mchimba Visima. Mama amemsihi arudi akaangaliwe, baba kasema hampelekei mdomo wake mtu aliyekwisha kuutoboa. Ametuchosha, dada. Na huku anapenga kamasi! Unamjua: vumbi la mbao likimwingia anabana tundu moja la pua, anapuliza la pili, karakana nzima inatikisika. Kila akipenga natamani kupiga kelele.

Sasa nikuambie kwa nini. Daktari alinituma nimweleze baba asipenge kamasi wiki mbili nzima, na chafya aipige mdomo wazi, maana hewa ikisukumwa inafungua tundu upya. Alirudia mara mbili. Nikamgeukia baba, nikamwona ameketi wima na shati lake la kutokea. Ningeanzaje kumfundisha baba yangu kupenga kamasi, mbele ya mgeni, na muuguzi anatutazama? Nikasema daktari anasema apumzike. Baba akashukuru. Daktari akadhani yote yamefika.

Nilianza barua hii nikitaka umpigie baba simu wewe, ujifanye umeyasoma mahali. Nilipofika hapa nimeona huo ni ujinga wa pili. Daktari wa watu anatukanwa bure, na tundu linafunguka kila siku ninayonyamaza. Kumwambia kwa mdomo sitaweza, najijua. Kwa hiyo nitampelekea baba barua hii karakanani aisome yeye kwanza. Yale ya kutuchosha sitayafuta, maana nikianza kufuta nitafuta yote. Ikikufikia, ujue baba ameshajua.

Msalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kimya