Jiwe la Lengai

Silibwet, Januari 1997

Baba,

Nimefika Ol Doinyo Lengai, ule mlima wako wa moto. Sikuenda kutembea, nilienda kukuchunguza.

Unakumbuka uliporudi kutoka Tanzania, ulikowapeleka watalii kuona mlima unaotoa moto? Ulituwekea mezani jiwe jeusi kama lami, ukasema umeliokota juu kabisa. Siku ya tatu likawa jeupe kama chokaa. Wewe mwenyewe ulishangaa, na mimi sikuamini hata kushangaa kwako. Nilimwambia Mama jiwe lilipakwa rangi, kwamba hakuna mlima, kuna mwanamke Narok. Ulicheka tu. "Chepkoech, wewe hata ukinyeshewa utauliza hiyo maji imetoka wapi." Nikaona hata kicheko ni ushahidi.

Mama akahamishia nguo zako kwenye chumba cha mahindi. Ulipougua kifua ukafa, hakulia. Hajakanyaga kaburini kwako, na liko hapo tu karibu na majani chai.

Juzi juzi Opiyo, dereva aliyepewa gari lako, aliniambia mawe ya Lengai hugeuka meupe yote. Nilijua dereva humfichia dereva mwenzake. Nikamuuliza maswali, baada ya wiki nikayarudia yale yale, nione kama atateleza. Hakuteleza, nikamshuku zaidi. Mwishowe nikamwomba anichukue safari ya Desemba, niwapikie watalii.

Nilipanda, Baba, kwingine kwa mikono na magoti. Huko juu uji mweusi wa mawe yaliyoyeyuka ulikuwa ukichemka na kumwagika, mwepesi kama oili ya gari. Niliokota jiwe langu mwenyewe, jeusi, mahali palipopoa, nikalifunga kwa kitambaa cha kichwa na kulala nalo kifuani, mtu asije akanibadilishia. Opiyo sikumwonyesha.

Tulipofika Narok nililifungua. Lilikuwa jeupe. Nilikaa kando ya barabara nikalia, wale wazungu wakadhani ni malaria.

Bado sijamwambia Mama. Ananiamini sana, na hiyo ndiyo inanitisha. Kesho akimaliza kukama nitamwambia hukuwahi kumdanganya, kwamba yale ya mwanamke niliyatoa kichwani mwangu. Akinifukuza, nitaenda kwa shangazi kule Siongiroi. Lakini nakuahidi atakuja hapo kaburini, hata kama hatataka niwe karibu.

Kwaheri, Baba. Miaka miwili umengoja mke wako akulilie, na mimi ndiye niliyemzuia.

Chepkoech