Mama Yako Amekataa Kukatwa Mguu

S.L.P. 3316,
Arusha.
9 Juni, 1997.

Mpendwa binti yangu Elinipa,

Marahaba kwa shikamoo yako ya mwezi wa nne. Natumaini huko Shanghai u mzima, na kifua kimepona. Barua yako ilikuwa na makosa ya sarufi, leo siyasahihishi. Mama yako Susana ni mgonjwa sana.

Kile kidonda cha kisukari kimeoza hadi juu ya kifundo cha mguu. Daktari anataka mguu ukatwe kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo tutampoteza. Mama yako amekataa.

Mchungaji amemsihi, mimi shemeji yake nimemkaripia, mdogo wako Godbless amelia mbele yake. Jibu ni lile lile: "Shemeji, huyo mtoto anazunguka akiwauliza bibi wa Kichina habari za viwanda vyao. Mimi nimesokota uzi hapa mjini mpaka kiwanda kikafungwa, hajaniuliza hata neno. Basi aje aniulize kama nautaka mguu wangu." Kisha hucheka, na chumba kizima kinanuka.

Kazi yako naiheshimu. Najua wakubwa wako chuoni wanakidai kitabu cha viwanda vya nguo na nyimbo za wafanyakazi wake, na kwamba ukiondoka sasa nafasi yako atapewa mwingine. Umeyaeleza vizuri. Sibishani nawe, Elinipa. Nakuomba tu uje.

Nilipiga simu chuoni kwenu kutoka posta. Aliyepokea alisema Kichina. Nilirudia jina lako hadi akakata. Basi barua hii anaibeba Fanuel, anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa za duka lake. Ataituma kwako kutoka huko kwa njia ya haraka.

Godbless na shangazi yako Agnela wanakusalimu. Mama yako amekataa kutuma salamu. Anasema utazipokea mwenyewe. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale, nililolikata mpakani mwa kihamba, lile shamba la ukoo la babu yako. Kwetu Uchagani mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea, na mdogo kwa mkubwa, naye alipokeaye hawezi kukataa ombi. Sijapata kuona mkubwa akimpelekea mtoto wake. Mimi nakupelekea wewe. Lipokee.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye,

Kaanaeli