Mama Amenikanyaga Mgongo

Gervasi Antoni,
Buzebazeba,
Kigoma.
9 Machi 1997

Mpendwa ndugu yangu Protasi,

Habari za Korogwe na za stoo ya mkonge? Shemeji yangu Verediana hajambo? Na kile kikohozi chako cha vumbi kimepungua, au bado unakifanyia ubishi? Sisi huku tupo. Nimeandika "tupo" kwa sababu nikiandika "hatujambo" nitakuwa nimeanza barua kwa uongo.

Usishangae mwandiko. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi mkekani, karatasi iko sakafuni na kidevu kiko juu ya mto. Mkao mwingine wowote siuwezi zaidi ya dakika chache. Nitakueleza.

Mvua zinaendelea vizuri. Kutoka Kalinzi wameleta maharage mengi, bei imeshuka. Samaki ni shida, hata mgebuka ni wa kubahatisha. Watu wanaendelea kuingia kutoka ng'ambo ya ziwa, ingawa si kwa wingi ule wa Novemba, na mji umejaa malori ya mashirika. Nyumba nyingi za mtaa huu zina mgeni. Kwetu yupo Jean, mwashi kutoka upande wa Uvira, aliyefika na begi moja na mwiko wake wa kazi. Analala chumba chako cha zamani. Ni mtu mstaarabu, ila anaimba akioga.

Wimbi hilo la watu ndilo lililotuletea kazi. Tangu Novemba tunajenga ghala la chakula cha wakimbizi, refu kuliko jengo lolote nililowahi kushika. Mkandarasi ametoka mbali na hamjui fundi hata mmoja wa hapa, kwa hiyo msimamizi wake alibuni mtihani. Kila asubuhi mfuko wa saruji wa kilo hamsini unawekwa getini. Unauinua mwenyewe, unautia begani, unatembea nao hadi stoo. Ukifika, jina linaandikwa. Ukiutua njiani, unarudi nyumbani. Nina miaka ishirini na mbili kwenye uashi, na hakuna aliyeniuliza kama najua kunyoosha ukuta.

Mimi nilikuwa naufikisha. Kiuno kilianza kuniuma Desemba, nikaona ni uchovu. Januari maumivu yakashuka kwenye paja la kushoto, nikaona ni baridi. Nikachana kipande cha kitenge cha shemeji yako Angelina, nikajifunga kiunoni chini ya shati, kwa nguvu kiasi cha kunikata pumzi. Sikumwambia mtu. Fundi akishasemwa kuwa ana kiuno, hata vibarua wanaanza kumpisha njiani.

Siku moja ya jua kali Hamdani wa Ujiji, yule fundi wa paa unayemfahamu, alivua shati anawe. Tukaona naye kajifunga kitenge, tena chenye maua ya njano. Tukamcheka mpaka tukakaa chini. Kisha Nikodemu, ambaye magoti yake yamevimba kwa kusakafia, akafunua cha kwake. Nikafunua changu. Mafundi kumi na mmoja, saba tumefungwa kama wazazi wa siku tatu. Tulicheka tena, lakini kidogo. Kesho yake wote saba tulikuwa getini, mashati yamefungwa vifungo hadi shingoni, na kila mmoja aliinua mfuko wake.

Jean peke yake ndiye aliyesema neno. Aliniambia tukiwa njiani, "Mukubwa, mugongo yako inaisha. Ile mufuko unabeba na hasira." Nilimwambia aangalie mgongo wake.

Nawe utadhani ni mfuko ulionimaliza. Sivyo. Tarehe kumi na saba Februari niliinama kuokota pima maji. Unajua uzito wa pima maji, mtoto anaichezea. Nilisikia kitu kama uzi unaokatika, na nikabaki pale nimeinama, siwezi kwenda juu wala chini. Walinibeba kwenye ubao wa jukwaa. Msimamizi alikuwa mpole siku hiyo, alituma gari. Asubuhi iliyofuata jina langu lilikuwa limeshafutwa.

Daktari aliniambia kwamba kile kitu laini kilicho kati ya pingili mbili za mgongo kimetoka mahali pake na kinabana mshipa unaoshuka mguuni. Nilale wiki sita, nisiinue chochote, na mtu asinichue wala kunikanyaga mgongo. Hilo la kukanyagwa alilirudia mara mbili. Nadhani ameishi Kigoma muda wa kutosha.

Sasa nifike kwa mama, maana yeye ndiye sababu ya barua hii.

Tangu miguu yake ilipogoma mwaka jana, mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba. Asubuhi nampeleka barazani kwenye jua, jioni nikitoka kazini namrudisha ndani, na safari nyingine unazoweza kuzikisia. Amepungua sana. Hafiki uzito wa ule mfuko. Siku ya pili baada ya ajali Angelina alikuwa kisimani, mama akawa anahitaji kutoka. Nikajikokota. Nikapitisha mikono chini yake kama kawaida, nikamwinua nusu, nikashindwa. Nilimrudisha kitandani vibaya, akagonga kiwiko. Hakulalamika. Aliomba rozari yake. Protasi, nilipiga magoti pale nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona getini.

Tangu siku hiyo wanambeba Jean na Angelina. Lakini Angelina ana mimba ya miezi saba, na jina la Jean limetokea kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishwa. Lori la kwenda kambini Kasulu linawachukua wiki ya mwisho ya mwezi huu. Akiondoka, hapa nyumbani hakuna mwenye mgongo.

Uliandika kwamba likizo yako ni Desemba. Naomba uje sasa. Sikuiti kwa msiba, na wala sitaki upande treni ukidhani ni msiba. Nakuita kumbeba mama hadi nipone, au hadi tujue kwamba siponi.

Kuna jambo moja zaidi. Mama alipojua ni mgongo, aliniita kwa jina langu la pacha wa kwanza kama anavyofanya akiwa na neno zito. Unakumbuka Jumamosi zile, mafundi na wapagazi wa bandarini wamelala barazani kwa foleni wakisubiri mama wa mapacha awakanyage viuno, wewe umemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto asianguke? Alisema, "Bukuru, mwana wanje, nimeponya migongo ya watu wote wa Buzebazeba. Wewe nikuache?"

Angelina alisimama mlangoni. "Baba Mariana, daktari alisemaje?" Nilimwambia nimesikia alichosema.

Nilijilaza. Walimsimamisha juu ya kiuno changu, Angelina kwa upande wangu wa zamani, Jean kwa upande wako. Nilikaza meno nikisubiri uzito wake, kisigino kile tulichokiogopa tukiwa wadogo. Alikuwa akihema. Akauliza, "Inafika?" Nikajibu, "Inafika, mama." Protasi, haikufika. Nilihisi nyayo mbili za baridi, basi. Uzito wote ulikuwa mikononi mwa Jean na Angelina. Nililia, naye akadhani ni maumivu yanatoka, akafurahi.

Nisalimie Verediana na watoto wote, na mzee Telesphory jirani yako mwambie mwiko alionipa bado ninao. Huku Angelina na Mariana wanakusalimu, Hamdani pia, na Jean anasema angependa kumwona huyo mwenye kitanda anacholalia. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kuja.

Mama naye anakusalimu. Ameniagiza nikuandikie kwamba amenikanyaga na nimepona, kwa hiyo usiache kazi yako kuja huku. Hayo ni maneno yake na nimeyafikisha. Ya kwangu umeshayasoma.

Ni mimi niliyekutangulia kwa nusu saa, nikupendaye siku zote,

Gervasi